Mguu wa Kushoto wa Mzee Mbawala

Marahaba, wanangu, marahaba, sasa kaeni. Kila mkipita hapa Mfaranyaki na simu zenu zenye macho matatu mgongoni mnaniuliza: "Bibi Skola, eti kweli wewe ndiye uliyekuwa unapanga staili za video zamani?" Kweli. Kwa miaka kumi na minane, kuanzia Songea mjini mpaka Nakapanya, hakuna kwaya wala kikundi cha ngoma kilichoinua kisigino mbele ya kamera kabla mimi sijasema kisigino kiinuke upande gani. Wapo watakaobisha. Wengi wao walikuwa hawajazaliwa, na waliokuwa wamezaliwa nimehudhuria mazishi yao.

Nilianzia kwenye cherehani. Nilikuwa nashona sare za kwaya, na kwaya moja ya akina mama ilikuja kulalamika kwamba sketi zangu zinachanika wakigeuka. Nikaenda kuwaangalia wanavyogeuka. Nikawaambia tatizo siyo sketi, mnageuka kama mnakimbia nyuki. Nikawaonyesha namna ya kugeuka bila kuchana kitu. Jumapili iliyofuata waumini walisahau kutoa sadaka kwa kushangaa. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi, sikuomba.

Shule yangu ni ya jioni. Mchana nashona, jioni nakwenda kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima tumebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusana na kidevu. Cheti nilipata. Katika yote tuliyofundishwa, yaliyonifaa maishani ni duara, nusu duara na pembetatu. Mengine nimeyasahau kwa moyo mweupe. Lakini hizo tatu msizidharau, mtaona.

Basi ikaja ile miaka ya ruksa. Maduka yakafunguka, mitumba ikaingia, na pale Majengo akaja kijana mmoja kutoka upande wa Kilimanjaro, anaitwa Elifuraha, sisi tukamwita Fura, akafungua duka la redio. Fura ndiye aliyekuwa na kamera ya video. Ilikuwa ya kubeba begani, uzito wa mtoto wa miaka miwili, na ilikuwa inanung'unika vilevile ukiichukua. Kazi yake kubwa ilikuwa harusi. Mimi alinitafuta kwa sababu watu wakisimama mbele ya kamera yake walikuwa wanaganda kama wanapigwa picha ya kitambulisho.

Tulijifunza kwa makosa, na makosa tuliyafanya yote, hatukubakiza la mtu. Chukueni hili la betri. Siku hizo kwaya inarekodi nyimbo kwanza kwenye kaseti, halafu tunakwenda mahali penye maua, tunaipiga kwenye redio, wao wanacheza na kufumbua midomo, Fura anachukua picha. Sauti anakuja kuiunganisha dukani. Siku moja betri za redio zikaanza kuchoka wimbo wa pili. Betri ikichoka kaseti inajivuta, na sauti inashuka. Mama mwenye sauti ya kwanza akawa anatoka redioni kama padri mwenye mafua. Nasi tukamfuata. Hatukustuka. Tuliona leo tunacheza kwa heshima sana. Fura alipounganisha na sauti yenyewe, wimbo uliisha kwaya ikiwa bado iko ubeti wa pili, wakaendelea kutikisa mabega kimya kimya dakika nzima, wamechangamka. Mwenyekiti wa kwaya alisema labda hiyo ndiyo sala ya kimya. Tangu hapo natembea na betri mpya nane, na zilizochoka nazianika juani kwenye ungo mbali kabisa na zile mpya.

Lakini aliyenifundisha kazi siyo Fura wala kaseti. Ni Mzee Mbawala wa Maposeni.

Mzee Mbawala alikuwa mkulima wa mahindi na mcheza lizombe, ngoma yetu ya kukanyaga. Mara ya kwanza kumwona nilikuwa nafundisha vijana wa kigango chao, yeye amesimama pembeni na jembe lake begani. Alitazama mpaka mwisho. Nikamwamkia, akaitika, halafu akasema, "Hao wanacheza na mikono."

"Ndiyo, baba. Nimewapangia mimi."

"Mikono ni ya kufukuza inzi," akasema, akaenda zake shambani.

Nilirudi Jumamosi nikamtafuta. Nikarudi Jumamosi nyingine nyingi. Alinifundisha kusimama kwanza. Miezi mitatu kusimama tu! Halafu kukanyaga: unashusha kisigino au unashusha unyayo wote, uzito unautoa wapi, vumbi linaruka upande gani. Alikuwa anaangalia vumbi kuliko anavyoangalia mtu. Vumbi likiruka mbele, anasema, "Umesukuma." Likiruka pande zote sawa, hasemi kitu, na hiyo ndiyo sifa.

Yeye mwenyewe alikuwa na mkato wake, aliurithi kwa baba yake. Mapigo matatu ya mguu wa kushoto. La kwanza na la pili yanakuja kama ya watu wote. La tatu alikuwa analichelewesha mpaka unadhani mwenzetu ameghairi, amekwenda nyumbani kula, ndipo linatua, na ngoma inaanza upya. Kijiji kizima kilikuwa kinapiga kelele pale. Mimi nilijaribu mwaka mzima. Nikiliwahisha anacheka, nikilichelewesha naanguka. Wanawe wa kiume wawili, mmoja alikuwa dereva wa lori, haonekani, na mwingine alisema ana magoti. Kwa hiyo mkato ule ulikuwa mahali pamoja tu duniani.

Sasa siku moja, Jumatano, naona baiskeli imesimama mbele ya cherehani yangu, na Mzee Mbawala yuko kwenye kiti cha nyuma, mguu wa kushoto umefungwa kitambaa. Nilijua ana kidonda kisichopona, ana sukari. Sikujua kimefika wapi. Mjukuu wake akamshusha, akaketi kwenye benchi la wateja.

"Skola, mwanangu. Ile mashine ya yule kijana inachukua miguu?"

"Inachukua kila kitu, baba."

"Basi ije ichukue huu. Jumatatu wanaukata."

Nikamuuliza kama amekula.

"Nimekula. Daktari amesema ukibaki utanimaliza, na mimi nimekubali, sitaki kumalizwa na mguu. Lakini mkato uko humu." Akaugonga na fimbo, taratibu. "Kichwani ninao, ila kichwa hakichezi. Ukiondoka haujachukuliwa, umekwisha."

Nikafunga cherehani nikaenda kwa Fura. Fura akasema kesho, Alhamisi, ana nafasi, na hatadai kitu, maana yeye naye baba yake alikuwa na sukari. Nikatuma habari Maposeni wakusanyike.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka naiomba radhi cherehani yangu kwa kuiacha.

Tulipofika Alhamisi kijiji chote kipo, ngoma zimeshawekwa juani ngozi zikaze, na mwenyekiti wa kijiji amekuja na kiti chake. Mnajua ngoma kwetu haianzi bila mgeni rasmi, na mgeni rasmi hapewi mgongo. Mtoto wa miaka minne anajua hilo. Mimi nilichofanya, nilifungua duara. Lizombe inazunguka ngoma, na ukiweka kamera nje unapata migongo tu, kwa hiyo nikaikata ikawa nusu duara, Mzee Mbawala katikati, uso kwa kamera. Nikajiona nimemaliza hesabu zote za shule ya jioni.

Mwenyekiti aliketi kwenye kivuli cha ofisi, mkono wa kushoto wa kamera. Ngoma ikaanza. Jua likasogea. Mwenyekiti akasogeza kiti kufuata kivuli. Wachezaji wakageuka kidogo kumfuata mwenyekiti. Jua likasogea tena. Mwenyekiti akasogea tena. Watu ishirini na wawili, bila mtu kuwaambia, wakawa wanageuka kama shamba la alizeti. Mimi nipo pembeni nimelewa raha, napiga makofi. Fura yeye jicho liko ndani ya mashine, anaona anachokiona, hasemi, maana kwenye harusi hakuna anayemuuliza.

Ijumaa asubuhi tukauangalia mkanda dukani, mimi, Fura, na Mzee Mbawala aliyeletwa tena na baiskeli. Nusu saa ya kwanza, watu wanaonekana ubavu. Dakika za mwisho, visogo, vimepangwa vizuri sana. Lakini hilo lilikuwa dogo. Sehemu zile chache ambazo Mzee Mbawala alionekana, alionekana kuanzia kifuani kwenda juu. Uso unatoka jasho, unacheka, unarukaruka.

Mzee akasogea karibu na televisheni, akaangalia chini ya kioo, pale mbao zinapoanzia.

"Miguu iko wapi?"

Fura akajikuna. "Mzee, shikamoo. Harusini watu wanataka sura. Nikikosa sura ya shangazi wa bwana harusi silali."

"Marahaba. Sura yangu hawaikati," akasema Mzee Mbawala. "Ingekuwa sura nisingewasumbua."

Nilikuwa nimeahidi kwa mdomo wangu kwamba mashine inachukua kila kitu. Wanangu, ukipanga staili za video kazi yako ya kwanza ni kwenda kuchungulia kwenye kile kitundu cha kamera kabla mtu hajainua mguu. Mimi nilikuwa sijawahi kuchungulia. Miaka mitatu ya kazi! Nilikuwa naona aibu kumwomba Fura, nikidhani ni kama kuomba kuvaa miwani ya mtu.

Ikabaki Jumapili. Jumamosi kulikuwa na mgao wa umeme, betri ya kamera haikujaa. Fura aliniambia ina dakika kumi, labda kumi na mbili tukiisemesha vizuri. Na mzee naye alisema mguu una mara moja. Hakuna kuzoeza, hakuna kurudia.

Jumapili baada ya misa nilifika Maposeni wa kwanza na debe la majivu. Nikamwambia Fura aweke kamera pale tunapotaka, nikachungulia. Nikamtuma mjukuu wa mzee atembee kwenda kushoto mpaka apotee kwenye kitundu. Alipopotea nikasema simama, tukamwaga majivu. Tukaenda kulia, vilevile. Mistari miwili inatoka kwenye kamera inatanuka kwenda mbele: pembetatu. Ndani ya pembetatu unaonekana, nje haupo duniani. Niliitumia hiyo katika kazi yangu yote iliyobaki, na mpaka leo naona mnaihitaji, mnavyokatana vichwa.

Halafu kamera yenyewe ilikuwa juu mno. Nikaomba kinu, nikakigeuza chini juu, tukaiweka hapo, Fura akapiga magoti.

"Dada Skola, hapa nitapata magoti na njuga. Sura sipati kabisa."

"Ndiyo."

"Mteja akikosa sura anakuja na ndugu zake dukani."

"Fura, mteja wa leo ni mguu."

Akaupangia mguu nafasi yake kama alivyokuwa anampangia bibi harusi. Baadaye tulikubaliana asogee nyuma hatua tatu ili uso wa mzee uingie kidogo juu, kwa ajili ya mkewe.

Likabaki suala la mwenyekiti. Nikakichukua kiti chake mwenyewe, nikakiweka nyuma ya kamera, katikati kabisa.

"Unaniweka nyuma ya mashine?" akasema. "Mimi?"

"Mheshimiwa, mashine inatazama kule. Wao watakuwa wanakutazama wewe. Mkanda mzima, ishirini na wawili wote, macho kwako. Na hata watakaouona Dar watakuwa wamekaa hapo ulipokaa wewe."

Akafikiri. "Jua je?"

Nikamwita katibu wake, nikampa mwavuli, nikamwambia asimame nyuma ya kiti na asisogee hata akiumwa na siafu. Katibu aliumwa na siafu. Hakusogea. Mtu yule sikusikia akitajwa popote, lakini bila yeye msingekuwa na lizombe.

Mke wa mzee, Mama Mbawala, nilimwonyesha mstari wa majivu. Nilijua desturi yetu: mcheza akikolea, wanawake wanaingia kumfuta jasho na kumfunga kanga, na kanga moja mbele ya kamera ni sawa na kufunga mlango. Nikamwambia, "Mama, leo usivuke hapa."

"Hata akianguka?"

"Akianguka vuka," nikasema.

Mzee akaletwa, akafunguliwa kitambaa. Sitawaeleza ule mguu ulivyokuwa. Akauvalisha njuga mwenyewe. Ngoma kubwa ikalia, filimbi ikalia, wakaanza, na wote ishirini na wawili wamekaza macho kwa mwenyekiti, yaani kwetu. Mzee alianza polepole, nikaogopa. Kisha akaingia. Pigo la kwanza. La pili. La tatu likaenda zake huko linakokwendaga, mimi nimeshika kanga yangu kwa meno, na kwenye kamera taa nyekundu imeanza kukonyeza. Likatua. Vumbi likaruka pande zote sawa.

Akarudia mara nne. Mara ya nne jasho lilikuwa linamwingia machoni, na Mama Mbawala amefika kwenye majivu, vidole vya miguu viko juu ya mstari kabisa, analia, hakuvuka. Akakunja leso akamtupia. Mzee akaidaka bila kukosa pigo.

Kamera ikazima. Yeye akabaki amesimama vilevile, kifua mbele.

"Imezimwa?" akauliza.

Fura akasema, "Imezimwa, mzee."

"Basi nibebeni," akasema, akakaa chini.

Jumatatu akaenda. Mguu ulikatwa chini ya goti, na alirudi nyumbani baada ya wiki chache, amekonda, anaomba ugali wa moto na kugombana na kila mtu, ndipo tukajua amepona.

Mkanda Fura aliutoa nakala, na nakala moja ikaingia kwenye kibanda cha video pale Majengo. Mwenye kibanda alikuwa anauweka kati ya picha mbili za karate, watu wapumzishe macho. Vijana wakaanza kuja kwa ajili yake. Nilisikia wapo waliotoka Tunduru, Namasakata huko, kuja kuuangalia, ingawa inawezekana walikuja kununua mbolea. Wanasimamisha, wanarudisha, wanasimama mbele ya televisheni na viatu mkononi.

Mwaka uliofuata, siku ya somo wa kigango cha Maposeni, yule mtakatifu wao, vijana wanane wakatangaza watacheza lizombe na mkato wa Mzee Mbawala. Hakuna aliyekuwa amewafundisha. Si mimi, si yeye. Tulikaa mstari wa mbele, mzee ana magongo yake mawili yamelala mapajani.

Wakaanza. Pigo la kwanza, nikaona kitu. La pili, nikashika kichwa. Walikuwa wanapiga na mguu wa kulia. Wote wanane, kwa ufundi mkubwa, wa kulia! Nikatafuta sababu, nikaipata papo hapo: mzee kwenye mkanda amekutazama wewe. Kushoto kwake kuko upande wako wa kulia. Unamfuata kama unavyofuata kioo, na mguu unabadilika bila wewe kujua. Ni mimi niliyempanga hivyo, uso kwa kamera, nikaona nimeweza. Kama ningechukua hata dakika mbili za nyuma yake, wangejua. Tangu siku hiyo kila staili niliyopanga niliichukua mbele na nyuma, na ninyi nawaombeni mfanye hivyohivyo. Lakini kwa hao nilikuwa nimeshachelewa.

Nikainuka kuwasimamisha. Mzee akanishika nguo.

"Unakwenda wapi?"

"Baba, wamekosea. Wamechukua wa kulia. Kosa langu, nakwenda kuwageuza."

"Kaa."

"Mkato wako wa kushoto, baba. Tumehangaika vile—"

"La tatu wamelichelewesha?"

Nikasikiliza. Waliliachia likaenda mbali, mpaka mpiga ngoma akawatazama, ndipo likatua. Mimi mwenyewe sikuwahi kulipata vile.

"Wamelichelewesha," nikasema.

"Basi waache." Akachukua magongo yake, moja kila kwapa. "Huo wa kulia ninao."

Akasimama, akaenda kujipanga mwisho wa mstari, wa tisa.